Shangazi Birika: Pakiti Haionji Chai

*Shangazi Birika, nimeolewa Butula, karibu na soko la Khunyangu. Mama mkwe huponda tangawizi mbichi, akaichemsha kwanza, kisha akatia majani na maziwa, na boma zima likasifu. Mimi nimeleta kutoka Busia mjini pakiti tatu za chai ya majani yenye ladha: ya masala, ya vanila na ya bergamot. Mama ameonja moja, akasema inanukia kama kabati la bi harusi. Nimthibitishie vipi kwamba chai yangu ni bora? (Mkaza Mwana, Khunyangu)*

Mwanangu, wataka kuthibitisha kwamba chai yako ni bora, nawe bado hujui kama ni bora. Unachojua ni kwamba ni yako. Mama naye hajahukumu chai, amehukumu harufu. Ndani ya kila pakiti uliyoleta kuna vitu viwili: majani ya mchai, na kiungo au mafuta ya harufu yaliyochanganywa nayo. Pua hufika kwanza, ulimi hufuata, na majani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito uliolipia, hayaulizwi neno. Mchanganyaji anayejua kazi yake huyapamba majani mazuri kwa harufu. Asiye na haya huyafunika majani yaliyochoka kwa harufu iyo hiyo. Kwa pua pekee huwezi kuwatofautisha wawili hao. Kwa hiyo hoja yangu leo, kwako na kwa wenzako walioandika, ni moja: chai zenye ladha hazilinganishwi mpaka majani yenyewe yapewe nafasi ya kusema. Nafasi hiyo ni vipimo sawa, strungi, yaani chai isiyo na maziwa, bila sukari, na mwonjaji asiyejua kikombe kipi ni cha nani.

Vipimo havikubuniwa na Shangazi. Tangu 1980 kuna kiwango cha kimataifa cha kutayarisha chai ya kuonjwa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, ndani ya chombo cha kauri chenye kifuniko, kwa dakika 6. Wapo wanaokicheka. Mwaka 1999 tuzo ya mzaha ya Ig Nobel ilikwenda kwa shirika la viwango la Uingereza kwa maandishi yake ya kurasa sita juu ya jinsi ya kutengeneza kikombe cha chai. Cheka nao, lakini angalia kiwango hicho kinataka nini. Hakimwahidi mtu chai tamu. Dakika 6 zimewekwa ili majani yatoe yote yaliyonayo, mazuri na mabaya, na kila chai isimame mbele ya sheria moja.

Nyumbani, kikombe cha mililita 250 kitahitaji gramu 5, na hapo ndipo kijiko kinapodanganya. Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa njia ya CTC, yaani mashine zenye meno hukiponda, hukichana na kukiviringisha kila kichipukizi mpaka kiwe punje. Daraja la PF1, lililojaa madukani kwetu, ni punje ndogo zilizoshikana. Chai yako ya bergamot huenda ikawa ya majani marefu yaliyosokotwa, yenye hewa nyingi katikati. Kijiko cha hii na kijiko cha ile havina uzito mmoja, kama vile gorogoro ya omena isivyolingana kwa uzito na gorogoro ya mahindi, na hilo mtu wa Busia hafundishwi. Azima mizani kwa jirani anayeoka keki za harusi. Kisha pima majani, mimina maji, funika, hesabu dakika, chuja, na uonje mara tatu: chai ikiwa moto, ikiwa vuguvugu, na ikiwa imepoa. Harufu huruka na mvuke. Kadiri kikombe kinavyopoa ndivyo vanila inavyoaga na majani yanavyobaki peke yake. Weka kando kikombe cha PF1 tupu, isiyotiwa kitu, kiwe shahidi. Majani mazuri yana ukali unaoamsha ulimi kisha ukaondoka. Mabaya huacha uchungu usiotaka kuondoka, au hayaachi chochote ila rangi. Chai iliyokuwa karamu ilipokuwa moto, ikawa maji ya kuoshea sufuria ilipopoa, imekwisha kujieleza.

Sasa tangawizi ya mama. Ukali wa tangawizi mbichi hutoka kwenye gingeroli. Ikikaushwa, sehemu ya gingeroli hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ikipikwa, nyingine hugeuka zinjeroni, ambayo ni laini na ina utamu kidogo. Kwa hiyo masala ya pakiti yenye unga wa tangawizi kavu ikichoma koo kuliko chai ya mama, huo si ushahidi kwamba pakiti ni bora. Wala harufu mbichi ya kinu cha mama si ushahidi kwamba majani yake ni bora, kwa maana inawezekana kabisa kwamba anapamba majani dhaifu kuliko yako. Jambo moja tu nampa ushindi bila kuonja: mwenye kujua kazi huchemsha tangawizi mbichi kwenye maji kwanza na kuleta maziwa baadaye, kwa sababu mzizi huo una kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto hukiua. Usipojua hilo, usipeleke shauri kwake.

Najua utaniambia kwamba hapa kwetu strungi ni ya siku ambayo ng'ombe amegoma, na mgeni akipewa strungi huhesabu amechukiwa. Pingamizi hilo lina uzito. Chai inayonywewa na maziwa mwishowe ihukumiwe na maziwa, na hata ISO 3103 inayaruhusu, kwa kipimo. Lakini maziwa ni wakili hodari. Protini yake iitwayo kaseini hushikana na tanini za chai, na ukali uliokuwa ukikwaruza ulimi hutulia. Chai mbili zenye ukali tofauti zikitiwa maziwa mengi hukaribiana, na sukari humaliza kilichobaki. Kaunti inayolima miwa haina mkono mzito kwenye sukari. Basi anza na strungi ujue majani, kisha ongeza maziwa kijiko kwa kijiko, sawasawa kila kikombe, uone ni chai ipi inayobaki na sauti. Hiyo ndiyo chai ya kupikia maziwa. Ile iliyozimika mapema huenda ni nzuri vilevile, ila uinywe strungi.

*Shangazi, mume wangu ni wa Tororo, mimi ni wa Amukura, tunaishi Malaba. Yeye hunywa majani ya Uganda yenye mujaaja, mimi majani ya Kenya yenye iliki. Kila jioni ananiambia chai ya Kenya ni rangi tu. Nimechoka. (Mwenye Birika Mbili, Malaba)*

Mama, nyumba yako ina kesi mbili na mnaisikiliza moja. Kesi ya mujaaja na iliki ni ya majani ya bustanini dhidi ya mbegu za dukani, na mchai hauhusiki. Viondoeni vyote viwili kwanza. Ikibaki Uganda dhidi ya Kenya, mume wako ana neno la kusema, na wewe una neno kubwa zaidi. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969 huuza chai ya nchi nyingi za ukanda huu, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Yaani chai ya Uganda hupita mpakani penu kwenye malori, ikashindanishwa Mombasa na ya Kericho na Nandi mbele ya waonjaji wale wale. Kwa miaka mingi bei ya wastani ya chai ya Uganda mnadani imekuwa chini ya ile ya Kenya. Usimrukie mume wako na habari hiyo, maana wastani haunywewi. Bei ya mnada hufuata jinsi majani yalivyochumwa, yalivyofikishwa kiwandani na yalivyokaushwa, na shamba zuri la Fort Portal linaweza kulipita shamba bovu la kwetu. Isitoshe, wafungaji pakiti huchanganya chai za viwanda mbalimbali ili ladha isibadilike mwezi hadi mwezi. Bendera iliyochorwa kwenye karatasi haisaidii ulimi.

Kinachosaidia ni vikombe sita. Huko Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, mtaalamu wa mwani aitwaye Muriel Bristol alidai anaweza kutambua kama maziwa yametangulia chai kikombeni au yamefuata. Mwenzake Ronald Fisher, mtakwimu, aliijengea hoja hiyo jaribio, akalieleza katika kitabu chake cha 1935, The Design of Experiments: vikombe vinane, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vikitolewa bila mpangilio. Mwenye kubahatisha tu ana njia 70 za kuchagua vinne, na moja pekee ndiyo sahihi yote. Nyumbani kwenu tumieni sita, vitatu vya Uganda na vitatu vya Kenya, vipimo sawa, bila mujaaja wala iliki. Vipangwe na mtoto, wakati nyote wawili mko nje. Hapo njia ni 20, na kubahatisha vyote kuna nafasi moja kati ya hizo. Mume wako akivipata vyote sita, mwamini: ana ulimi. Asipoweza kuzitenganisha, basi miaka yote amekuwa akionja pakiti. Atasema kutambua si sawa na kupenda, na atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana kabla ya kufunua vikombe mtamwuliza pia vitatu alivyovipenda, na mtaandika. Wewe nawe utakaa kwenye kiti kile kile. Ushindani wa mtu mmoja si ushindani.

*Nina duka Port Victoria. Wateja wanarudisha chai yangu ya vanila wakisema inanuka omena. Mwenye kuniuzia anasema ni wivu. (Muuza Duka)*

Ndugu, si wivu. Majani makavu ya chai hunyonya harufu na unyevu kama yaliyoumbwa kwa kazi hiyo. Wachina wameitumia tabia hiyo kwa karne nyingi: hulaza chai pamoja na maua mabichi ya asmini usiku kucha, na asubuhi maua huondolewa harufu ikibaki kwenye majani. Wewe umefanya ufundi huo huo kwa omena. Hamisha gunia la omena, weka chai kwenye mikebe yenye mfuniko wa kubana, mbali pia na sabuni na mafuta ya taa, na pakiti zilizoharibika usizirudishe rafuni kwa bei ya chini. Ziko nyumba nyingi ambazo huhukumu chai kumbe zimehukumu kabati.

*Wewe Shangazi unataka tuishi kama maabara. Chai ni mazungumzo, ladha ni ya mtu, na kila mdomo una haki yake. Acha watu wanywe. (Mzee wa Nambale)*

Mzee wangu, shikamoo. Kunywa hakujakatazwa. Ukisema "naipenda hii", hakuna mizani itakayokupinga. Lakini hakuna aliyeniandikia akisema hivyo. Mmoja alidai chai yake ni bora, mume wa mwingine anadai chai ya Kenya ni rangi tu, na aliyemwuzia wa tatu anadai wateja wana wivu. Hayo ni madai juu ya kitu kilichoko nje ya mdomo wa msemaji, na yanagusa heshima na mfuko wa mtu mwingine. Dai la namna hiyo lina deni la ushahidi, na bahati njema ushahidi wa chai ni wa bei nafuu: maji, saa, vikombe na mtu wa kuvipanga.

Tena pana suala la fedha, ambalo mzee hulitazama kabla ya kijana. Pakiti ya chai yenye ladha huuzwa ghali kuliko chai tupu, na tofauti hiyo ni bei ya kiungo. Kwa tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai, ushauri wangu ni kununua majani tupu mazuri na kutia kiungo mwenyewe, kwa sababu mafuta ya harufu ya kiungo kilichopondwa hupungua kila siku kinapokaa pakitini, na mchaichai waota nyuma ya nyumba. Iliki itiwe mwishoni na sufuria ifunikwe, isije ikanukisha mtaa badala ya kikombe. Kwa bergamot na asmini hali ni nyingine. Mafuta ya bergamot hukamuliwa kwenye ganda la tunda la jamii ya ndimu linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia, na kazi ya asmini ni ya usiku kucha. Hapo mtengenezaji amefanya jambo lisilofanyika jikoni Butula, na kumlipa ni haki, mradi kikombe kilichopoa kimethibitisha kwamba majani yaliyo chini yake yanastahili.

Basi Mkaza Mwana, pakiti yako ya masala haina kesi ya kushinda kwa mama. Mwachie kinu chake, umletee majani bora ya kutilia tangawizi yake. Ya bergamot mpe strungi, bila kumwambia jina. Na nyote mtakaoandika mwezi ujao, nileteeni matokeo: gramu ngapi, dakika ngapi, nani alipanga vikombe. Barua ya kusifu pakiti nitafungia mandazi.