Mwongozo wa Watu Wazima Wanaotaka Watoto Waipende Bustani ya Mtaa

Kamati nyingi za bustani huanza kwa kumchagua mwenyekiti, kisha zikachagua rangi ya fulana, kisha zikamtafuta mpiga picha. Mchicha hukumbukwa mwisho. Watoto huanza na udongo, na wako sahihi. Kwa hiyo maagizo haya ni yako wewe mkubwa.

1. Anza na gunia. Kwenye mtaa kama Kibera nafasi ni haba. Watoto wachanganye udongo na samadi iliyooza vizuri. Simamisha mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo uliokatwa kitako katikati ya gunia, ujaze kokoto, uzungushie udongo, kisha uuvute juu na urudie hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo hufikisha maji chini. Kutoboa gunia pembeni kwa kisu ni kazi yako. Kupenyeza miche ya sukuma wiki ni kazi ya watoto, maana vidole vyao haviivunji mizizi kama vyako.

2. Usimwahidi mtoto parachichi. Mti huo unataka miaka, na mtoto wa darasa la pili anataka matokeo. Mpe mchicha, ambao huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo mno, basi zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja.

3. Kila mtoto awe na upande wake wa gunia. Akimwagilia kupita kiasi na majani yakageuka manjano, usimkaripie. Mweleze kwamba mizizi nayo inahitaji hewa, kisha mwachie kopo lake. Ukimnyang'anya, umemfukuza.

4. Dawa za wadudu zisifike mikononi mwao. Viwavi waokotwe kwa mkono, na watoto hawatakunyima huduma hiyo. Kazi ikiisha, wote wanawe kwa sabuni.

5. Mavuno yaende kwao. Mtoto aliyejitolea si kibarua wa bure. Sukuma wiki ikiishia jikoni kwa mwenyekiti, Jumamosi ijayo mwenyekiti atapalilia peke yake.

6. Picha zipigwe baada ya kazi, kwa ruhusa ya wazazi, na mgeni wa heshima naye ashike jembe.

Kenya ilifufua vilabu vya 4-K shuleni mwaka 2021 ili wanafunzi wajifunze kilimo kwa vitendo. Lakini shule hufungwa wikendi na likizo, na hapo ndipo mtaa unapohitajika. Wazazi, waleteni watoto Jumamosi. Wanakamati, wahini kabla yao, mkiwa na ndoo za maji mkononi na simu mfukoni.