Bei ya Soko

Ba'mdogo wangu alikuwa dalali wa samaki Feri tangu enzi za mnada wa mchangani, kabla ya soko jipya lililojengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 2002. Baba alipofariki, ada yangu ya shule ilitoka kwenye nguru na kolekole. Kwa hiyo mume wangu alipolipwa malimbikizo ya mshahara na kutangaza kwamba mzee lazima apelekwe kula samaki mahali pa heshima, nia niliielewa. Nikamwambia, mpeleke akale kuku. Hakusikia.

Mume wangu ni Msukuma wa Mwanza. Ba'mdogo ni Mzaramo wa Mjimwema, Kigamboni. Anayejua utani wa makabila hayo mawili hahitaji maelezo, na asiyejua aende kwenye msiba wa Mzaramo akamwone Msukuma anavyoshuka kaburini kudai hela kabla marehemu hajazikwa.

Ba'mdogo alivuka na pantoni akiwa na kanzu iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikakata, tukampokea, tukaenda naye Msasani. Ni hoteli ambayo bahari unaitazama kwa kioo na taa zimefifishwa makusudi, mteja asione vizuri anacholipia. Menyu haikusomeka. Ba'mdogo akatoa kitochi chake, akaimulika karatasi mstari kwa mstari kama mkaguzi wa mahesabu, mpaka akafika kwenye kamba kochi. Hapo hapakuwa na tarakimu. Paliandikwa: bei ya soko.

"Soko gani?" akauliza.

Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, akasema, "Inategemea na siku, mzee."

"Na leo limefunguaje?"

"Elfu tisini kwa kilo."

Mume wangu akanywa maji. Ba'mdogo alicheka kile kicheko ninachokijua tangu utotoni, cha kumwambia mvuvi kwamba amelewa. "Mwanangu, kama ni bei ya soko, basi tufanye soko. Arobaini!" Akainuka, akaelekea kwenye tangi la kioo lililokuwa katikati ya ukumbi, kamba kochi wakipunga masharubu humo ndani. "Nasema arobaini! Nani anaongeza?"

Nia yake, nadhani, ilikuwa kuteremsha bei. Lakini mtu aliyenadi maisha yake yote akishasema "nani anaongeza," koo haligeuki tena. Mama mmoja wa makamo, meza ya pili, aliyekaa na wanawe waliokuwa wameinamia simu, akainua kijiko: "Hamsini!" Bwana mmoja karibu na mlango akasema sitini. Ba'mdogo akakunja mikono ya kanzu. Sitini, sitini, sitini na tano kule, mama unamwachia? Yule mama hakumwachia. Kamba kochi aliangukia kwake kwa elfu tisini na tano kilo, watu wakapiga makofi, na Ba'mdogo akamgeukia mhudumu kudai ushuru wake wa udalali.

Meneja alikuja huku anatabasamu kwa meno tu. Alituomba tukae, tukakaa.

Tukaagiza chewa. Menyu ilisema ni wa leo. Ilikuwa Julai, kusi limevuma siku tatu mfululizo, na ngalawa za kwao Mjimwema zilikuwa zimevutwa juu mchangani. "Bahari imefungwa," Ba'mdogo akamwambia yule kijana. "Huyo chewa wenu wa leo kaja na basi?" Akaomba aone mashavu ya samaki. Akaambiwa jikoni wana minofu tu. Dalali kuambiwa minofu tu ni sawa na kumwonyesha mposaji picha ya bibi harusi akiwa amegeuka.

Minofu ikaja imelala kwenye mchuzi wa nazi. Ba'mdogo akatafuna taratibu, akasema ni chewa, ila ana siku zake. Mume wangu akaonja. Akaweka uma chini. Akaonja tena. Sura yake ilianza kung'aa, nikajua usiku umeharibika.

"Kaja na basi kweli," akasema. "Huyu ni sangara."

Kelele zilizofuata sizielezi zote. Mume wangu, mtoto wa ziwa, alisimama kutoa ushahidi: mafuta yake, nyama inavyofunguka vipande vinene, ile harufu ya maji baridi ambayo nazi haiwezi kuifunika. Akamweleza meneja kwamba bondo la samaki huyu limeshasafiri kwenda China kwa bei kubwa kuliko nyama yake, na sisi tumeachiwa nyama kwa jina la mtu mwingine. Meneja akaenda jikoni, akarudi na neno "msambazaji," akaifuta ile sahani kwenye bili. Mimi bei kubwa nakubali, kila mtu ana kodi yake ya pango. Kumvisha sangara jina la chewa mbele ya Mzaramo, hapana.

Ila aliyeumia ni Ba'mdogo. Maisha yote Feri, halafu Msukuma amtajie samaki! Alikaa kimya mpaka chai ikaletwa, ndipo akapata jibu: "Ndiyo maana sikumjua. Mimi najua samaki. Huyo ni ng'ombe wenu aliyetumbukia ziwani."

"Ng'ombe wetu, lakini sahani umeifuta."

Jumapili iliyofuata, kabla adhana haijaisha vizuri, mlango ukagongwa. Ba'mdogo na kolekole mzima, damu bado mbichi, kaletwa ili Msukuma afundishwe. Msukuma naye alikuwa amejiandaa: sato wawili kutoka Mwanza, walioteremka Magufuli, kituo cha mabasi cha Mbezi, usiku wa jana yake ndani ya boksi la barafu. Wakatandika mkeka barazani, wakaanza kesi upya, na samaki wote wakarundikwa kwenye sinki langu.

Nikatoka na kisu, nikamkabidhi Ba'mdogo kwa mikono miwili kama inavyostahili mkubwa, nikamwambia aanze na wake.

Alikitazama kisu. Akamtazama kolekole. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mkwewe asisikie, magamba huanzia kuparwa upande wa kichwa au wa mkia. Feri, kumbe, yeye alikuwa anauza tu.