Mshale Ukigoma Busi: Geji Saba za Subaru ya Zamani, Kuanzia ya Kuvumilika Hadi ya Kukuulia Injini

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiwa na Subaru Impreza, na tangu hapo vijana wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa gari hilo ni la nini. Impreza WRX ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1992 ikiwa na injini ya lita 2.0, turbo, na nguvu za farasi 240. Leo mlio ule ule unausikia wilayani Kondoa, gari likikata kona kuelekea Busi, bodi bado imara, lakini nusu ya mishale kwenye dashibodi imeshastaafu bila kuaga.

Lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018 na ni raha tupu. Ukiiacha, unakutana na vumbi laini, mchanga wa makorongo na mitikisiko inayolegeza kila nati. Umeme wa gari la miaka 25 hapo lazima ulalamike. Habari njema ni kwamba geji ikigoma, mara nyingi kosa haliko kwenye geji yenyewe. Liko kwenye waya, kwenye sensa au kwenye ethi. Kwa hiyo anza kule waya unakoanzia, na dashibodi iwe ya mwisho kung'olewa. Haya, tuhesabu kurudi nyuma, kutoka ile unayoweza kuivumilia hadi ile usiyoruhusiwa kuipuuza hata kwa dakika tano.

7. Dashibodi giza usiku

Mchana mishale yote inafanya kazi, usiku huoni kitu. Ndugu yangu, geji zako ni nzima, zimekosa taa tu. Nyuma ya dashibodi kuna balbu ndogo ambazo hutolewa kwa kuzungusha robo mzunguko, na bei yake haimtishi mtu. Kabla hujafungua chochote, jaribu kile kigurudumu cha kupunguza mwanga. Wakati mwingine hugeuzwa na mtoto aliyeachwa ndani ya gari, kisha baba akaenda kumlipa fundi.

6. Mishale yote imelala kwa pamoja

Geji nne haziwezi kuugua siku moja saa moja. Zikilala pamoja, zimekatiwa kitu kimoja zinachochangia: fyuzi au ethi. Anza na fyuzi. Kama ni nzima, tafuta bolti ya ethi, ifungue, isugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ifunge tena kwa nguvu. Dalili ya ethi mbovu ni ya kuchekesha: unawasha indiketa, na mshale wa mafuta unacheza nayo kwa mdundo. Pima na betri pia. Injini ikiwa imezimwa tarajia karibu volti 12.6, ikiwa inanguruma tarajia kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, itazame oltaneta kabla hujaitukana dashibodi.

5. Spidomita inayosema uongo

Sensa ya spidi hukaa kwenye gia boksi, na magari ya zamani zaidi hutumia kebo inayozunguka. Mshale ukitetemeka tazama kebo, ukifa kabisa tazama plagi ya sensa, maana matope huipenda sana. Ila kuna uongo unaoununua mwenyewe dukani. Ukitoa tairi za 205/55R15 ukafunga 205/65R15 ili gari liinuke kidogo, mzingo wa tairi unaongezeka karibu asilimia 7. Kama spidomita ilikuwa sahihi, sasa ikisema 50 wewe unakwenda 53 na ushee. Kijijini mwisho ni 50, na tochi ya trafiki haijali tairi zako ni za saizi gani.

4. Geji ya RPM inayofufuka ukipiga dashibodi kofi

Kofi likileta uhai, basi kuna lehemu iliyopasuka. Mitikisiko ya miaka mingi hufungua nyufa ndogo pale plagi inaposhikana na bodi ya saketi. Tiba yake ni kulehemu upya, na kofi lako libaki kwa mbu. Ondoa kwanza teminali hasi ya betri, shusha usukani, fungua skrubu taratibu, na piga picha kila plagi kabla ya kuichomoa. Usiguse mshale kwa kidole, ukihama kidogo tu usomaji wote unapotea. Ukiamua kununua dashibodi iliyotumika, andika kilometa zako kwanza na umwambie ukweli atakayelinunua gari baadaye. Kilometa za dashibodi ngeni si umri wa injini yako.

3. Geji ya mafuta yenye maboya mawili

Hapa ndipo Subaru inapowatoa jasho mafundi waliozoea Corolla. Kwa kuwa shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma inapita katikati, tenki limegawanyika pande mbili kama tandiko la punda. Kila upande una boya lake, na maboya hayo mawili yameungwa kwa mfululizo, waya mmoja. Ukibadilisha moja tu, huenda umebadilisha zima. Pima kila boya peke yake kwa multimita: likiwa juu ukinzani unakaribia sifuri, likishuka unapanda hadi makumi ya ohmu, na lazima upande taratibu bila kurukaruka. Ukiona unaruka, vidole vya boya vimeshika uchafu. Visafishe kwa dawa ya kusafishia koneksheni kabla ya kufikiria spea.

Kuna na hili: mafuta ya upande wa pili huvutwa na kifaa kidogo kinachotumia mkondo wa mafuta yanayorudi tenkini. Kikiziba, upande wenye pampu unakauka huku ule mwingine ukiwa umejaa. Mshale unasema robo, gari linazimika porini. Mafuta ya chupa za kando ya barabara yana mchango wake hapo. Ukifungua tenki kuyafikia maboya, fanya kazi tenki likiwa karibu tupu, milango yote wazi, sigara mbali, simu ya rafiki yako mwenye stori ndefu ikiwa imezimwa.

2. Presha ya oili na busti ya turbo

Subaru nyingi za kawaida hazina geji ya oili. Zina taa moja nyekundu, na taa hiyo ina heshima kuliko geji zote ulizofunga mwenyewe. Ukiweka swichi kwenye ON lazima iwake, injini ikiwaka lazima izimike. Isipowaka kabisa, balbu imekufa na mlinzi wako amelala. Ikiwaka barabarani, zima injini papo hapo, pima oili kwa kijiti, na usiseme "nifike Kondoa kwanza". Turbo huzunguka kwa kuelea kwenye oili, bila oili haikungojei ufike.

Geji ya busti ya kufunga kando huwa na mpira mwembamba unaotoka kwenye injini. Mshale ukiwa mvivu, chunguza mpira kwanza. Joto hupasua mpira, na kuubadilisha ni kazi ya kisu na subira.

1. Temprecha

Hii ndiyo mama wa geji zote. Sensa yake ina tabia moja ya kukariri: ukinzani hushuka joto linapopanda. Kwa hiyo waya ukikatika, mshale unasema baridi hata injini ikiwa inaungua. Waya ukigusa bodi, mshale unaruka hadi moto huku injini ikiwa baridi. Kwa kujua hilo tu umeshajua pa kutafuta. Kama sensa ni ya waya mmoja, ethi yake ni injini yenyewe, hivyo tepu nyeupe ya mabomba iliyozungushwa kwenye nyuzi zake inaweza kuiziba mdomo. Fundi akiizungusha, mwombe kwa upole aitoe.

Na usitulie kwa sababu mshale uko katikati. Magari mengi yametengenezwa ili mshale ukae hapo hapo joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Ukianza kupita katikati, hali imeshakuwa mbaya. Uwanda wetu nao una lake: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke kwenye rejeta ni mfuniko unaoshika presha. Mfuniko uliochoka, geji bubu na mlima mmoja vinatosha kuunguza gasketi ya silinda hedi. Injini ya Subaru ina silinda hedi mbili, na mara nyingi fundi huishusha yote ili kuzifikia. Usipoziba ufa wa waya, utajenga injini.

Basi, kabla ya kutoka Busi safari ijayo, weka swichi kwenye ON na hesabu taa na mishale yako. Kama fedha inatosha kutengeneza geji moja tu mwezi huu, tengeneza ya temprecha. Rimu mpya zitasubiri.