Hilo neno "ile"

Msyuuu! Leo kahawa imenikaa kooni.

Mama wa maandazi hapa pembeni kapigwa laki moja na nusu. Ujumbe wenyewe ule ule: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Alipotusimulia, nusu ya kijiwe ikacheka. Watu wazima na mvi zenu! "Mama, bado kuna mtu anapigwa na hiyo?" Mama wa watu akainamia karai lake, akawa anageuza maandazi aliyokwisha kuyageuza.

Hebu usomeni vizuri ule ujumbe. Hautaji kiasi wala hausemi hela ni ya nini. Kazi yote inafanywa na neno "ile". Ukishasoma "ile hela", akili yako yenyewe inakwenda kutafuta ni ipi: kodi ya chumba, ada ya mtoto, marejesho ya kikoba. Siku hiyo mama alikuwa anangoja kijumbe wa mchezo amtumie namba nyingine, maana laini yake ilikuwa inasumbua. Saa tatu asubuhi simu ikalia, ule ujumbe ukaingia, naye akaanza kutuma. Kabla hajaweka namba ya siri likatokea jina la mwanamume asiyemjua, lakini ujumbe ulishamwambia mapema kwamba litakuja jina hilo hilo. Nani kati yenu angesita?

Na hilo jina, jamani! Tangu Januari 2020, laini zilipoanza kuzimwa kwa wasiosajili kwa alama za vidole, kila namba ina mwenyewe. Mwenyewe huyo anaweza kuwa mzee wa watu aliyeambiwa na kijana anayesajili laini chini ya mwavuli, "Kidole hakijasoma, baba, weka tena." Akaweka tena. Laini ya pili ikasajiliwa pale pale, ikabaki kwa kijana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama alijua kaibiwa saa ile ile, akanyamaza hadi jioni. Aliogopa hicho kicheko chenu. Angepaza sauti mapema, tungepiga huduma kwa wateja, tukaomba muamala uzuiwe kabla hela haijatolewa. Huenda tungeiwahi, huenda tungeikosa, ila tungekuwa tumekimbia naye. Hata ujumbe wenyewe hakuna aliyemwambia autume 15040, pamoja na namba iliyouleta, ili laini ile ifungwe isimpige mwingine.

Nikawaambia toeni simu zenu, bonyezeni *106#, kila mtu aangalie kitambulisho chake cha NIDA kimesajili laini ngapi. Wakabonyeza, wengine kwa kunung'unika. Mzee wa bao, aliyecheka kuliko wote, akasogeza simu kwenye taa ya muuza kahawa. Akasoma, akarudia kusoma.

"Mbona hapa ziko tatu? Mimi nina hii moja tu."

Hakuna aliyecheka. Mama wa maandazi akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia, "Kesho asubuhi baba, beba kitambulisho, twende wote kwenye duka la kampuni ya simu ukazifunge."