Mhadhara juu ya Elimu ya Vilele, Uliotolewa Chini Kabisa ya Mlima Kwaraa

Waheshimiwa wazee, mabibi na mabwana wa Babati, na ninyi ndugu zangu mliokuja kwa ajili ya kivuli cha mwembe huu wala si kwa ajili ya maarifa, nyote nawakaribisha. Aliyesimama mbele yenu kwa taadhima ndiye bingwa wa pekee wa elimu ya vilele katika mji huu, cheo ambacho sikupewa na mtu, bali nilijitunuku mwenyewe baada ya kumtafuta mwenye ilimu ya kutosha kunitunuku nisimpate.

Huko Nepal, katika safu ya Himalaya, kuna vilele viitwavyo vya wapanda miguu, ambavyo aghalabu havizidi mita 6,500, na ambavyo mtu wa kawaida, akiwa na kibali, kamba na viatu vya meno ya chuma, huweza kuvifikia. Kimojawapo ni Island Peak, chenye mita 6,189. Msitishwe na hesabu hiyo. Babati yetu imeinuka mita zipatazo 1,300 juu ya bahari, basi mtoto wa hapa, siku ya kuzaliwa kwake, kabla hata hajanyonya, amekwisha kuzipanda zote hizo, hali mtu wa Tanga angali anatafuta nauli.

Fauka ya hayo, mabingwa wote wamekubaliana juu ya kanuni moja: panda juu, ulale chini, yaani mpandaji afike mchana mahali palipo juu kuliko atakapolala, ili damu yake izoee uchache wa hewa, kwa sababu pale Kilimanjaro, kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi huleta takriban nusu tu ya hewa tuivutayo pwani. Kanuni hii nimeigawa mafungu mawili: kupanda juu nimewaachia wagumu wabebao mizigo Kilimanjaro, na kulala chini nimekutimiza mwenyewe, hapa hapa mtaani, kwa miaka 30, bila kukosa usiku mmoja.

Mtauliza: je, asiyepanda anastahili heshima ya mlima? Naam, na tarikhi ndiyo shahidi wangu. Mwaka 1865 Waingereza walipoupa jina mlima mrefu kuliko yote duniani, hawakumtafuta aliyeukanyaga. Walimchagua George Everest, mpima ardhi mstaafu, ambaye hakuupanda hata shubiri moja. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo, huko Kilimanjaro, pamoja na Ludwig Purtscheller, alikipa jina la Kaisari Wilhelm, aliyekuwa Ulaya kwenye kiti chake. Na Yohani Lauwo, kijana wa Kichagga asemekanaye kuwaongoza njia, siku hiyo hakuachiwa hata jiwe. Kweli, mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha pale juu bendera na mwenge wa taifa jipya, na kilele kikaitwa Uhuru, nami namstahi sana, ijapokuwa aliivuruga desturi kwa kwenda mwenyewe.

Alhasili, kwa kuwa jina la mlima ni haki ya asiyeupanda, na kwa kuwa katika wilaya hii hakuna aliyeacha kuupanda Kwaraa kwa muda mrefu na kwa uaminifu kunishinda mimi, naomba mlima huu wa mita zipatazo 2,400, pamoja na msitu wake wa Ufiome, uitwe kwa jina langu.

Namwona mzee mmoja, mrina asali, ameinua mkono. Shikamoo, mzee wangu. Wasema mizinga yako imo huko juu, nawe wapanda na kushuka tangu ujana? Ndipo ulipojiharibia haki yako! Lakini usiondoke na kinyongo. Hebu ninyooshee kidole, unionyeshe kilele chenyewe ni kipi, kwa maana leo kuna mawingu, na siku nyingine zote sikuangalia.