Mtumishi Asiyeuliza

Dirisha la amri ni sehemu ya kompyuta ambamo mtumiaji, badala ya kubofya picha kwa kipanya, huandika maneno kwa kibodi na kubonyeza kitufe cha Enter, na kompyuta ikayatekeleza maneno hayo kama yalivyoandikwa, hata kama sivyo yalivyokusudiwa. Pengo lililopo kati ya kilichoandikwa na kilichokusudiwa ndilo chimbuko la maafa madogo yanayochunguzwa katika insha hii, hususan yale yanayowapata watu wanaounganisha na kutenganisha mitandao kwa njia hiyo. Programu zenye picha na vitufe zina adabu za mwenyeji wa Pwani, ambaye mgeni akiaga humwuliza mara tatu kama kweli anaondoka na kama hawezi kungoja chai. Dirisha la amri halina adabu hizo. Likiambiwa likate mtandao hukata papo hapo, na likishakata aghalabu halisemi neno, kwa kuwa katika mila za mifumo ya jamii ya Unix kimya ni dalili ya mafanikio. Waswahili walikwisha kuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ingawa walionya kabla ya kuiona seva.

Zana zenyewe zimepangana kama vizazi vya nyumba moja. Babu ni ifconfig, amri iliyokuja na mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983, ambayo kazi yake ni kuonyesha na kurekebisha violesura, yaani milango ambayo kwayo kompyuta huingia na kutoka mtandaoni, ukiwamo mlango wa waya na ule wa Wi-Fi. Baba ni ip, iliyotungwa na Alexey Kuznetsov kwa ajili ya mfumo wa Linux, na mjukuu ni nmcli, amri ya programu ya NetworkManager ambayo kampuni ya Red Hat iliianzisha mwaka 2004 ili kuwarahisishia kazi watu wanaohamahama na kompyuta zao. Vitabu vingi vya mafunzo bado humsifu babu, ilhali matoleo mengi ya sasa ya Linux hayamweki tena ndani. Hivyo mwanafunzi mwenye kitabu cha zamani huandika ifconfig kwa unyenyekevu wote na kujibiwa kwamba amri hiyo haipo, jambo linalofanana na kwenda kijijini kumwamkia mzee na kukuta nyumba imepangishwa.

Mtihani wa kwanza huwa kwenye majina. Mtumiaji akiandika nmcli device status huletewa jedwali lenye safu nne: jina la kifaa, aina yake, hali yake na muunganisho unaotumika. Hapo zamani kadi ya waya iliitwa eth0, jina fupi linalotamkika, lakini kompyuta yenye kadi mbili iliweza kuwashwa asubuhi na kukuta eth0 na eth1 wamebadilishana majina kama mapacha watundu. Ili kukomesha utundu huo, mwaka 2013 programu ya systemd ilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipochomekwa, na ndiyo maana leo kadi huweza kuitwa enp3s0, ambapo en ni ethaneti, p3 ni njia ya ndani namba 3, na s0 ni nafasi namba 0. Mantiki ya jina hilo haina doa, ila jina lenyewe halisomeki kwenye simu. Fundi anayemwelekeza mwenzake aliye mbali hutamka "e, n, p, tatu, s, sifuri", mwenzake huandika herufi O mahali pa sifuri, mashine husema haikijui kifaa cha namna hiyo, na robo saa nzima hupita watu wawili wenye shahada wakibishana juu ya umbo la duara.

Mtihani wa pili ni wa nafasi tupu. Programu inayosoma amri huhesabu kila nafasi kuwa mpaka wa neno, kwa hiyo mtandao wenye jina la maneno kadhaa sharti ufungwe ndani ya alama za nukuu. Mtu anayetaka kuomba intaneti kwenye simu ya jirani, ambayo mwenyewe ameipa jina la "Simu ya Mama Salma", akiandika nmcli device wifi connect Simu ya Mama Salma bila nukuu, mashine huelewa kwamba anautafuta mtandao uitwao Simu, kisha hulalamika kwamba maneno yaliyosalia haiyatambui. Akishatia nukuu hukumbana na nywila. Nywila yenye alama ya dola, ikiandikwa ndani ya nukuu mbili, hupungua njiani, kwa sababu alama hiyo huiambia programu kwamba neno linalofuata ni jina la kitu kilichohifadhiwa mahali fulani, na kwa kuwa hakuna kilichohifadhiwa, neno hilo huyeyuka. Hivyo nywila ChaiMaziwa$tamu huwasili kwa Mama Salma ikiwa ChaiMaziwa tu, chai isiyo na sukari, naye huapa kwa Mungu wake kwamba hajabadilisha kitu. Nukuu moja moja badala ya mbili mbili zingemaliza ugomvi, lakini zisingefuta aibu ya pili: nywila iliyoandikwa ndani ya amri hubaki katika kumbukumbu ya amri zilizopita, na yeyote atakayeazima kompyuta hiyo na kubonyeza mshale wa juu mara chache atasomewa siri ya jirani bila kuiomba. Kwa sababu hiyo wajuzi hutumia nmcli --ask, ambayo huiomba nywila pembeni na kutoiacha ikitangatanga.

Kabla ya kumlaumu Mama Salma, mwenye busara hupima kwanza kwa ping, amri iliyotungwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983 alipokuwa katika maabara ya jeshi la Marekani, na kupewa jina la mlio wa vyombo vinavyotafuta vitu baharini kwa mwangwi. Amri hiyo hutuma pakiti ndogo kwa kompyuta nyingine na kuhesabu jibu limerudi baada ya milisekunde ngapi. Katika Windows hupiga mara nne ikanyamaza, lakini katika Linux huendelea mpaka mtu aizuie kwa kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja, na mwandishi wa insha hii, kwa utafiti ambao hakuukusudia, alipata kuiacha ikipiga usiku kucha kwenye bando la simu. Hesabu yake si ngumu: pakiti ya kawaida ina baiti 84, hutumwa moja kila sekunde na kurudi moja, kwa hiyo siku nzima yenye sekunde 86,400 hula takriban megabaiti 14.5, kiasi kisichomfilisi mtu ila kinachomfanya ajisikie kama aliyelala na bomba la maji wazi. Aibu kubwa zaidi humpata anayepima kwa anwani 127.0.0.1, ambayo kila kompyuta huitumia kujirejelea yenyewe. Majibu huja mara moja, hakuna pakiti inayopotea, naye hutangaza ofisini kwamba mtandao ni mzima, kumbe alichofanya ni kujipigia hodi mlangoni kwake na kujiitikia karibu.

Hayo yote hata hivyo ni ya mezani, na ya mezani hurekebishika. Maafa kamili huhitaji umbali, na umbali huletwa na SSH, njia ya kuingia katika kompyuta nyingine kupitia mtandao huku mazungumzo yote yakiwa yamefichwa kwa fumbo, iliyobuniwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake. Kwa SSH mhandisi aliyeketi Dar es Salaam huweza kuiamuru seva iliyoko Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kana kwamba ameikumbatia, na ni ukaribu huo wa uongo unaomponza. Ikifika saa tano usiku akaona mtandao wa seva unasuasua, huamua kuuzima na kuuwasha, dawa ambayo imeponya televisheni, jenereta na simu za ukoo mzima. Kuzima ni ip link set enp3s0 down, na kuwasha ni maneno hayohayo yenye up badala ya down. Kwa lugha ya daladala, down ni "shusha!" na up ni "panda!" Mhandisi huandika ya kwanza na kubonyeza Enter, akiwa ameikusudia ya pili ifuate, bila kukumbuka kwamba yeye mwenyewe ni abiria wa gari hilo na kwamba limekwisha kumshusha katikati ya daraja.

Kinachofuata hapo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Skrini haionyeshi kosa wala onyo. Kialama kinachopepesa mahali pa kuandikia husimama tuli, na herufi anazoandika hazitokei. Yeye huandika tena ile amri ya up, mara hii kwa kubonyeza vitufe kwa nguvu zaidi, kama kwamba Mbeya itasikia kishindo. Kisha hunyanyua mikono taratibu kutoka kwenye kibodi, jinsi mtu anavyoondoa mikono kwenye chungu alichokipasua, huku akitazama nyuma kuona nani ameshuhudia. Wapo wanaojua kwamba kubonyeza Enter, kisha alama ya kiwimbi, kisha nukta, huivunja SSH iliyoganda na kumrudishia mtu dirisha lake, lakini ujuzi huo humrudisha Dar es Salaam tu, mahali ambapo hakuwa ameondoka.

Anayejiona mjinga kwa kisa hicho ana wenzake wakubwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, wakati wa matengenezo ya kawaida, wahandisi wa Facebook walitoa amri ya kupima uwezo wa mtandao wao mkuu, na amri hiyo ikakata viungo vyote vya mtandao huo duniani. Programu iliyowekwa kukagua amri za hatari ilikuwa na hitilafu yake, ikaipitisha. Afrika Mashariki ilikuwa jioni, saa kumi na mbili na nusu imepita, saa ambayo vikao vya harusi na vya ukoo hupamba moto kwenye WhatsApp, na kimya kilichotanda kiliendelea kwa takriban saa sita. Kwa kuwa zana za kurekebishia zilipita katika mtandao uleule uliokatwa, ilibidi wahandisi wapelekwe kwa miguu yao hadi kwenye mashine, ambako ulinzi uliowekwa kuwazuia wavamizi uliwachelewesha na wao.

Waliokwisha kuungua wamebuni kinga. Wapo wanaoandika shusha na pandisha katika mstari mmoja, ili seva iitekeleze amri ya pili hata kama aliyeitoa amekwisha kuanguka. Katika Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, ipo netplan try, ambayo huyatia mabadiliko kwa majaribio na kuyarudisha nyuma baada ya sekunde 120 ikiwa mtu hakuthibitisha kwamba bado yupo. Wengine hutangulia na shutdown -r +5, inayoiagiza seva ijizime na kujiwasha upya baada ya dakika 5, ili kosa lolote lijifute lenyewe. Kazi ikienda salama wanatakiwa kuifuta amri hiyo, na ni katika dakika ya 6, wakiwa wanajipongeza, ndipo hukumbuka kwamba hawakuifuta. Katika Debian, toleo jingine la Linux, ipo hata programu iitwayo molly-guard, inayomtaka mtu aandike jina la mashine kabla ya kuizima kwa SSH. Jina lake limetokana na kifuniko kilichowekwa juu ya swichi ya kompyuta kubwa baada ya Molly, binti mdogo wa mtunga programu, kuibonyeza mara mbili kwa siku moja. Kinga hizi zote kimsingi ni jitihada ya kumfundisha mtumishi mtiifu kuuliza.

Asiyezitumia hubakiwa na dawa ya mwisho, ambayo haimo katika mwongozo wowote wa amri: humpigia simu mlinzi wa zamu. Bahati yake ni kwamba mabadiliko ya amri ya ip hukaa katika kumbukumbu ya muda tu, na mashine ikizimwa na kuwashwa husoma upya mipangilio iliyoandikwa kwenye diski, ikaamka kama haijawahi kukosewa. Basi mhandisi mwenye vyeti vyake huanza kwa shikamoo, huitikiwa marahaba na mzee aliyevaa koti zito la baridi ya Mbeya, humwelekeza kwenye chumba, kwenye kabati, kwenye boksi jeusi la pili kutoka chini, na humwomba abonyeze kitufe cha mbele mpaka taa izimike, kisha abonyeze tena. Mzee huweka kidole kwenye kitufe, halafu husita. "Kijana wangu," huuliza, "una uhakika?"