Jinsi ya Kupotea Vizuri Ndani ya Neuromancer

Tafuta kiti kisicho laini sana, penseli iliyochongwa, na siku mbili tatu ambazo hakuna atakayekuuliza unasoma hadithi ya nini. Ukiwa katika sura za mwanzo za Neuromancer, riwaya ya William Gibson iliyotoka mwaka 1984, hutakuwa na jibu. Utakuwa umekutana na mhudumu wa baa mwenye mkono wa bandia, kijana anayewakimbia wanaomdai, vichochoro vya Chiba nchini Japani, na maneno ambayo kamusi yako haijayasikia. Hakuna aliyekushika mkono akueleze chochote. Ukijikuta unasema "sielewi", kunywa maji uendelee, kwa maana umeanza vizuri.

Sharti la kwanza ni kutokimbilia simu kutafuta muhtasari. Wengi huishia hapo: wanasoma aya tatu za mtu mwingine, wanajua nani alimsaliti nani, kisha wanakirudisha kitabu kabatini wakiamini wamekisoma. Gibson hafafanui kwa makusudi. Wahusika wake ni wezi, wadukuzi na wauza dawa, na mtu anayetafutwa kwa deni hasimami njiani kumweleza mwenzake mashine wanayoitumia kila siku inafanyaje kazi. Basi lisome neno geni ulipite. Ukilikuta tena, tazama nani amelitamka na kwa hofu gani. Safari ya nne au ya tano utagundua unalijua bila kufundishwa, kama mtu aliyehamia mtaa mpya anavyoishika lugha ya vijana wa pale kituoni. Aliyeivumilia Nagona, riwaya ya Kezilahabi, mpaka mwisho ana mazoezi tayari. Mgeni kabisa ajipe moyo kwamba ugumu huu hupungua, na hupungua ghafla.

Sharti la pili: cheka mara moja tu. Mapema utaona mtu anahangaika kuuza megabaiti tatu za kumbukumbu ya kompyuta iliyoibwa, kiasi ambacho leo hakitoshi hata picha moja nzuri ya simu. Cheka, futa machozi, songa mbele. Kitabu kiliandikwa kwa taipureta, na mwandishi wakati huo hakuwa mtu wa kompyuta hata kidogo. Alichokuwa nacho ni macho. Aliwaona vijana wa Vancouver, mji wa Kanada anakoishi, wakiwa katika kumbi za michezo ya video, wameziinamia mashine kwa mwili mzima kana kwamba wanataka kuingia ndani ya kioo. Akajiuliza huko ndani wanaona mahali gani. Jina la mahali hapo, saibaspesi, alikuwa ameshalitumia mwaka 1982 katika hadithi fupi ya Burning Chrome. Ndiyo maana riwaya hii haijazeeka pamoja na mashine zake: imeandika uchu wa kutaka kuwa ndani ya kioo, na uchu huo tunao sote mifukoni.

Hata mapungufu ya utabiri wake yana utamu. Katika ulimwengu wa Gibson hakuna simu za mkononi. Kwa hiyo, Case, yule kijana wa deni, anapopita kwenye safu ya simu za kulipia katika hoteli moja Istanbul, kila simu inalia mara moja anapoifikia na kunyamaza akishaipita. Anayempigia ni akili mnemba iitwayo Wintermute. Mpe Case simu mfukoni uone kama nywele zitakusimama.

Ukurasa wa kwanza nao una jambo linalowagawa wasomaji kwa umri. Sentensi ya kufungulia inaifananisha rangi ya anga na runinga isiyoshika stesheni. Waliokulia kwenye runinga za zamani wataona chenga, kijivu kinachotetema. Vijana wataona buluu safi, kwa sababu runinga zao zikikosa mawimbi huonyesha buluu. Kama una mzazi au mjomba karibu, muulize yeye anga lile ni la rangi gani.

Sasa nenda polepole, maana hapa ndipo penye moyo wa kitabu. Case aliwaibia waajiri wake, nao wakamharibia mishipa ya fahamu kwa sumu ili asiweze tena kuingia kwenye mtandao. Anakuja tajiri wa kazi kumtibu, na katika matibabu hayohayo anampandikizia vifuko vya sumu vinavyoyeyuka taratibu mwilini, ili asikimbie kabla kazi haijaisha. Molly, mlinzi wake mwenye visu chini ya kucha, aliulipia upasuaji wa visu hivyo kwa kuukodisha mwili wake. Na yupo Dixie, mdukuzi mkongwe aliyemfundisha Case, ambaye ameshakufa. Kilichobaki ni akili yake iliyorekodiwa, inayowashwa kunapokuwa na kazi na kuzimwa ikiisha. Dixie anaongea, anatania, anajua amekufa. Akiombwa msaada, malipo anayoyataka ni jambo moja: kazi ikiisha, afutwe. Nimesoma riwaya nyingi za roboti na vyombo vya angani, na sijakutana na ombi zito kuliko hilo. Kila mtu humu ana kiungo ambacho si chake, na ameshikwa kwa kiungo hicho. Ukilishika hilo, msamiati wote mgumu unajipanga wenyewe.

Lakini usisome kwa kusujudu. Japani ya Gibson ni ile iliyozitisha na kuzivutia nchi za Magharibi miaka ya 1980, na inaonekana zaidi kupitia macho ya wageni walevi kuliko ya Wajapani wenyewe. Marastafari wa kituo cha angani cha Zion wamechorwa kwa mistari minene mno. Weka alama ya penseli pembeni, ubishane naye.

Usiitazame filamu ya Blade Runner kwanza. Gibson mwenyewe alikwenda kuitazama mwaka 1982 akiwa bado anaandika, akatoka kabla haijaisha, akihofia watu watasema ameiiba. Hofu yake ilikuwa bure: kitabu kilipata tuzo za Hugo, Nebula na Philip K. Dick kwa pamoja, jambo ambalo riwaya nyingine haikuwa imelifanya.

Ukishamaliza, pumzika wiki moja kisha uanze Synners ya Pat Cadigan, ya mwaka 1991, iliyopata tuzo ya Arthur C. Clarke na bado haisomwi inavyostahili. Ukitaka kucheka, ipo Snow Crash ya Neal Stephenson ya mwaka 1992, ambayo shujaa wake anapeleka piza kwa kasi ya kufa na kupona. Na rafiki akikuuliza Neuromancer inahusu nini, usimsimulie. Mpe kitabu, na penseli yako.